Kagua shelfu za duka kama roboti, kwa simu yako tu

Watu wakiona video za roboti za madukani wanadhani ni maajabu, kumbe kazi yake ukiichambua unaielewa dakika mbili. Chukua Tally, roboti ya kampuni ya Simbe ya Marekani iliyotoka 2015, inapita pole pole kati ya mashelfu inapiga picha, programu inaangalia nini kimeisha, nini kimekaa sehemu siyo yake, bei gani haiendani na ya kwenye kompyuta. Haibebi wala haipangi kitu, kujaza shelfu ni kazi ya mtu. Ndo maana nawaambia wenzangu wenye maduka hapa Ngamiani, Tanga, hiyo tunaiweza.

Duka likiwa limejaa na limepangwa vizuri, piga picha kila shelfu peke yake, hizo ndo ramani yako usizifute. Bandika selotepu sakafuni pale uliposimama, maana leo ukipiga karibu kesho mbali utalinganisha nini? Halafu kila siku saa ileile, mi napiga asubuhi kabla sijafungua, unasimama palepale unapiga tena.

Sasa hapa ndo penyewe, kabla ya kupiga SUKUMA vitu vyote nyuma mpaka viguse ukuta. Ramadhani moja niliona kopo nne za nyanya zimejipanga mbele safi kabisa nikajua mzigo upo, kumbe nyuma tupu, jioni watu wanakuja kutafuta vya futari nawarudisha mikono mitupu, iliniuma sana. Kamera haioni nyuma ya kopo, ila ukisukuma, pengo linakuja mbele unaliona. Ukimaliza kupiga vuta tena mbele, mteja apende.

Ukilinganisha picha, andika kwenye daftari vilivyopungua tu. Sukari na unga usisubiri viishe, hesabu siku ngapi mzigo wa jumla unachukua kukufikia, agiza wakati kilichobaki bado kinatosha siku hizo. Chumvi haina haraka.

Na usijione mnyonge kwa kutembea na simu, Walmart, kampuni ya maduka makubwa, walikuwa na roboti kama hizo za kampuni ya Bossa Nova kwenye maduka kama 500 huko Marekani na 2020 wakavunja mkataba, kazi ikarudi kwa watu.

Kitu kimoja picha haikupi ni tarehe ya kuisha, hiyo lazima ushike. Mi kila Ijumaa natoa maziwa ya unga moja moja nasoma chini ya kopo, ya karibu kuisha nayaweka mbele.