Kiinimacho mbele ya wazee, kwa anayeanza na bado anaogopa

Mikono ya anayeanza hutetemeka, na kuambiwa "tulia" hakujawahi kuizuia. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na kazi za vidole ndizo za kwanza kuvurugika. Ndiyo sababu mchezo wa kuficha karata kiganjani unakubali chumbani na kukataa mbele za watu. Kwa hiyo chagua michezo ambayo jambo lenyewe linatokea mkononi mwa mzee. Yeye ashike, ahesabu, akate; wewe uongoze kwa sauti. Macho ya wote yatamfuata yeye, wewe utapata nafasi ya kupumua, na mzee asiyeona vizuri atafuatilia kwa vidole vyake. Karata ziache kwanza: alama zake ni ndogo, na wapo wazee wanaoziona ni kamari.

Usiwachukulie wazee wa huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, kama watoto wa kuchekeshwa. Wengi wamekulia kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, baada ya mavuno, ambako kila kundi la ngoma hutafuta mbinu ya kunyang'anya watazamaji wa mwenzake, na wamewaona Bayeye, chama cha wacheza nyoka, wakicheza na nyoka. Wanajua onyesho ni nini. Polepole na ukweli vitakufikisha mbali kuliko mbwembwe.

Jambo la kwanza kabla ya mchezo wowote

Kanda ya Ziwa ina jeraha: kwa miaka mingi wazee, hasa akina mama wenye macho mekundu, wamesingiziwa uchawi na wengine kuuawa. Macho hayo mara nyingi yametokana na moshi wa jikoni tu. Basi useme mapema, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma ukiwa na wa kukusaidia, kwamba huu ni mchezo wa mikono na mtu yeyote anaweza kufundishwa. Usitumie kibuyu, simbi, usinga, wala maneno yasiyoeleweka. Hesabu "moja, mbili, tatu" inatosha. Usitoe sarafu sikioni mwa bibi wala kitu chochote mwilini mwa mtu. Usimwambie mzee mambo ya familia yake kana kwamba umeyaona. Na kamwe usimsifu mama mzee kuwa "ana nguvu", hata kwa utani. Wewe utaondoka jioni. Yeye atabaki na majirani waliosikia.

Kama unakwenda kwenye makazi ya wazee, mfano Bukumbi wilayani Misungwi, onana na msimamizi siku kadhaa kabla, ueleze utafanya nini na kwa muda gani. Kijijini au mtaani, anza na mwenyekiti. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, si siku nzuri ya kuanza: spika, wageni na hotuba vitakumeza. Chagua siku ya kawaida.

Saa, mahali na sauti

Saa nne asubuhi ndiyo nzuri, uji umeshanywewa na chakula cha mchana bado. Mchana wengi husinzia, na alasiri upepo wa ziwani huingia nchi kavu: ukiwa nje chini ya mwembe, kitambaa kitapeperuka na siri yake itaonekana. Msimu wa mvua uwe na siku ya akiba, maana mvua ikigonga bati hakuna atakayesikia neno.

Weka watu 12 hadi 20 kwa nusu duara, safu mbili, mtu wa mbali asizidi mita 3. Usisimame na dirisha mgongoni. Mwenye mtoto wa jicho ataona mwanga tu na kivuli chako. Mwanga ukupige usoni, kwa sababu wengi husoma midomo bila wao wenyewe kujua. Usipige kelele. Uzee hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, kwa hiyo shusha sauti iwe nzito, na usiseme ukiwa umeinamia meza. Meza itandikwe kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea. Vitu vyeupe vitaonekana hata kwa macho hafifu.

Usianze kabla hujamsalimia kila mmoja kwa mkono. "Shikamoo babu, shikamoo bibi," na kwa Wasukuma ongeza "mwangaluka" asubuhi. Wapo pia Wakerewe, Wakara, Wajita na Wahaya, kwa hiyo sikiliza kwanza. Mzunguko huo ni adabu, na pia ni kazi: ndipo unapotambua nani anasikia, nani ana mikono yenye nguvu, nani vidole vimekaza. Mzee anayepoteza kumbukumbu usimpe kuhesabu. Mpe kitu cha kushika, apate heshima yake bila kuumbuka.

Maharage tisa

Uanze na huu, kwa sababu hauhitaji wepesi wowote wa mkono. Weka maharage makubwa 19 kwenye bakuli. Mengine 9 yatie kwenye kisanduku cha kiberiti pamoja na pamba kidogo, yasilie kikitikiswa, umpe bibi mmoja akishike tangu mwanzo.

Mwambie babu achote maharage, zaidi ya kumi au kumi kamili. Yakipungua, aongeze. Wote wahesabu kwa sauti. Tuseme amepata 14: moja na nne ni tano, arudishe matano bakulini. Amebaki na 9. Angechota 17, angerudisha 8, na bado angebaki na 9. Kuanzia 10 hadi 19 jibu halibadiliki. Sasa bibi afungue kiberiti. Kama vidole vyake ni vizito, msukumie kisanduku nusu. Wahesabu tena, polepole.

Mchezo huu huharibiwa na kosa la kuhesabu tu. Tupia jicho bakuli: kabla kiberiti hakijafunguliwa lazima kuwe na maharage 10. Yakiwa 9 au 11, omba mhesabu upya "ili na walioko nyuma wasikie". Usiurudie siku hiyo hiyo, maana tisa ya pili inafichua kila kitu.

Sarafu ndani ya kitambaa

Unahitaji sarafu tatu za shilingi 500 zilizochakaa sawasawa, na kitambaa cha pamba chenye maua, chenye rangi iliyoiva, sentimita 45 kila upande. Vitambaa vya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, vinafaa kuliko vipya vya nailoni, ambavyo huteleza. Shona sarafu moja kwenye pembe kwa kiraka cha kitambaa hicho hicho, ibane isicheze. Ya pili iweke mapema chini ya bakuli.

Sarafu ya tatu ishike wima kwa vidole vya kushoto, wote waione. Mkono wa kulia, umeshika pembe yenye siri, ufunike kwa kitambaa. Chini ya kitambaa, acha kwanza sarafu ya wazi ishuke hadi shinani mwa vidole vya kushoto, kisha ndipo upandishe ile iliyoshonwa mahali pake. Ukibadilisha mpangilio huo sarafu zitagongana, na mlio ule ndio unaowaangusha wengi. Mwombe mzee ashike sarafu kupitia kitambaa. "Umeisikia, babu?" Ameisikia kweli. Mkono wako wa kushoto ushuke mapajani bila haraka.

Kwenye "tatu" aachie, nawe vuta pembe moja inayoning'inia. Kitambaa kinaanguka kitupu. Kionyeshe pande zote mbili, pembe yenye sarafu ikiwa vidoleni mwako, kisha mwambie jirani yake ainue bakuli. Sarafu iwe yako daima. Fedha ya mzee haipotezwi hata kwa mchezo.

Kamba inayokatwa na kuunga

Huu ndio wenye kuonekana kutoka mbali, na ndio unaohitaji mazoezi ya wiki kadhaa. Kamba za nyavu zinazouzwa mwaloni, wanakoshushia samaki, hazifai: ni ngumu na zinateleza. Chukua fulana nyeupe ya pamba isiyo na mshono ubavuni, kata chini ya kwapa utepe wa sentimita 4 ukizunguka bila kukatisha, kisha uvute kwa nguvu. Utajikunja wenyewe uwe kamba laini. Kata mita 1.5.

Kunja kamba kati. Ncha mbili zichomoze sentimita 8 juu ya ngumi ya kushoto, mgongo wa mkono ukiwaelekea watu. Mkunjo wa katikati uning'inie. Mkono wa kulia ubebe mkunjo huo hadi kwenye ngumi kana kwamba unaupachika juu. Ukifika nyuma ya ngumi, pitisha gumba na kidole cha shahada ndani ya mkunjo, kamata kamba chini kidogo ya ncha ya kulia, uivute juu ipite ndani ya mkunjo. Kinachotokeza sasa, wanachodhani ni katikati, ni kipande cha karibu na ncha. Katikati halisi imefichwa ngumini.

Mzee mwenye mkono imara akikate. Mkasi uwe wa fundi cherehani na uwe na makali. Butu hutafuna fulana na kuvuta siri nje. Zipo ncha nne: achia mbili za kushoto zianguke. Mbili zilizobaki ni za kipande kifupi. Zifunge fundo kuizunguka kamba, ufungue ngumi. Kila mtu ataona kamba mbili zilizofungwa pamoja. Mpe mzee ncha moja ashike, zungusha kamba kwenye kiganja cha kushoto kuanzia karibu naye, fundo likiteleza ndani ya mkono wa kulia hadi litoke mwishoni. Ingiza mkono huo mfukoni, utoe leso ujifute jasho, fundo libaki mfukoni. Kisha ifungue kamba, nzima. Fundo likikazwa mno halitelezi. Likaze kiasi cha kutofunguka tu. Kila onyesho linakula kama sentimita 15, hivyo ikipungua mita moja kata nyingine.

Hofu siku yenyewe

Fanya mazoezi mbele ya simu iliyowekwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Wazee watakuwa wamekaa, na ukisimama wanaona chini ya kiganja chako, mahali ambapo kioo cha ukutani hakikuonyeshi. Afadhali nawe ukae. Asubuhi hiyo kula, lakini punguza kahawa na chai ya rangi kali, huongeza mtetemo. Kabla ya kuingia vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara tano. Sentensi mbili za kwanza zijue kwa moyo, nyingine zitakuja. Viwiko vibane mbavuni wakati wa kitambaa, mtetemo utapungua sana.

Kamba ikiachia vibaya, sema, "Leo imenishinda, babu," uende mbele. Bibi akisema "nimekuona!", mpongeze kwa kuwa na macho makali, usibishane naye.

Michezo mitatu kwa dakika 20 inatosha. Ukimaliza, rudi kwenye maharage na uwafundishe yote: kumi na tisa bakulini, tisa kwenye kiberiti, jumlisha tarakimu. Wakishaijua hesabu yake hakuna wa kunong'ona kuhusu dawa, na wana kitu cha kuwafanyia wajukuu. Bakuli na maharage waachie.