Sensa za mwilini dhidi ya joto shambani: hatua ninazofuata

Mara nyingi, kabla joto halijamwangusha mtu, moyo wake huwa umeshaanza kwenda mbio huku mwenyewe akisisitiza kuwa yuko sawa. Sensa, yaani kifaa kinachovaliwa mwilini kupima mapigo ya moyo, huyafichua hayo mapema na kutoa mlio. Lakini mlio usiomfikisha mtu kivulini haumsaidii, kwa hiyo mimi huanza na makubaliano, vifaa baadaye.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya kuvaa. Mlio ukilia, mtu anapumzika na ujira wake haupungui. Anayelipwa kwa kilo au kwa kreti akijua kuwa mlio unamkata pesa, ataulegeza mkanda, na simlaumu. Pia mwambieni kila mmoja nani ataona takwimu zake. Kwangu, msimamizi huona rangi tu: kijani, njano au nyekundu. Asiyetaka kuvaa asilazimishwe.

Hatua ya 2: Chagueni kifaa. Napendelea mkanda wa kifuani. Saa ya mkononi husoma mapigo kwa mwanga, na mkono unaolima au kukata huivuruga. Joto la ngozi kwenye kifundo cha mkono si joto la ndani ya mwili. Msilitumie kuamua nani yuko salama.

Hatua ya 3: Pimeni mapigo ya kawaida. Asubuhi, kabla ya kazi, mtu akae kivulini dakika tano, kisha andikeni mapigo na umri wake. Muulizeni faraghani kama anatumia dawa za shinikizo la damu. Baadhi yake huuzuia moyo kwenda kasi, hivyo mlio unaweza kuchelewa au usilie kabisa. Huyo afuatiliwe kwa macho zaidi.

Hatua ya 4: Wekeni kikomo. Chukueni 180, toeni umri. Mwenye miaka 40 kikomo chake ni mapigo 140 kwa dakika. Mapigo yakikaa juu ya hapo dakika kadhaa mfululizo, apumzike. Msishtuke kwa kupanda mara moja. Kubeba kreti peke yake kunatosha kuyapandisha. Baada ya dakika moja ya kukaa, tazameni tena: yakiwa bado juu ya 120, moyo haujatulia, aendelee kupumzika.

Hatua ya 5: Wageni wa joto. Mgeni, yaani asiyezoea kazi ya kwenye joto, aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe isiyozidi 20 kila siku. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko kote, kwa sababu mgeni hutaka kuonyesha kuwa anaweza.

Hatua ya 6: Mlio umelia. Kivuli, nguo nzito zitoke, maji kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Muulize jina lake na mahali alipo. Akijibu ovyo, akiyumba au akizimia, chukulia kuwa ni kiharusi cha joto (joto la mwili limepanda kiasi cha kuhatarisha maisha): piga simu ya dharura na uanze kumpoza papo hapo kwa maji baridi mwili mzima, huku ukipepea. Usisubiri gari lifike. Usimnyweshe aliyechanganyikiwa.

Fanya hivyo hata kama skrini inaonyesha kijani. Mtu akionekana mgonjwa, aaminiwe yeye kwanza.

Jioni osha mikanda, maana chumvi ya jasho huharibu usomaji, na uichaji kwa ajili ya kesho.