Henga zishikane, gauni lifike na pasi yake

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, Chikongola, na kazi inayonilisha zaidi ni sare. Za harusi zipo, za kwaya zipo, lakini kubwa ni za unyago, pale ukoo unapochagua kitenge kimoja cha kuvaa siku ya kutoa wali, yaani wasichana waliofundwa. Mama mzazi, mama wadogo, mashangazi, makungwi, wifi waliokuja kutoka Dar: oda moja inafika magauni ishirini, na wenye oda wako Nanyamba, Tandahimba, Newala. Hawawezi kuja mmoja mmoja, kwa hiyo mzigo naupeleka mwenyewe. Na nguo ya sherehe haikunjwi kwenye mfuko wa salfeti. Unakofika umeme unaweza kuwa umekatika, mkaa uko chini ya sufuria la pilau, na watu wanataka kuvaa sasa hivi. Mteja amelipia pasi pamoja na mshono, na pasi hiyo ni haki yake mpaka mlangoni kwake.

Wengi wetu tunakusanya kulabu za henga, tunazungushia mpira wa tyubu, basi. Uzito unabebeka, kweli. Lakini henga iliyoshikwa kwenye kulabu peke yake bado ina uhuru wa kuzunguka. Gari likikata kona, hii inageukia kulia, ile inabaki, bega la hii linasukuma kifua cha ile, na marinda yaliyopondwa hapo hayarudi bila maji na moto. Henga haikubuniwa isafiri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 Albert Parkhouse, mfanyakazi wa kiwanda cha vitu vya waya huko Jackson, Michigan, alikuta vigingi vya makoti kazini vimejaa, akakunja waya akatundika koti lake. Ilikuwa dawa ya koti lililotulia ukutani. Ukitaka isafiri, ishike sehemu tatu: kwenye kulabu, halafu kwenye shina la bega, kulia na kushoto. Sehemu ya kwanza inabeba, hizo mbili zinazuia kuzunguka.

Henga za plastiki zilizoundwa kiwandani ili zishikane zipo. Kuna zenye pete ndogo chini ya kulabu. Unatundika ya pili kwenye pete ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili, zinateremka ngazi kwa ngazi. Kabatini ni nzuri sana, zinaokoa nafasi. Safarini sizishauri, kwa sababu kila ngazi inashusha nguo sentimita saba au nane, na gauni la tano litaburuta chini huku mzigo wote ukining'inia kwenye kulabu moja ya juu. Kuna nyingine zenye mkato shingoni, moja inabana kwenye ubavu wa mwenzake, kulabu zinabaki zimepangana mstari mmoja. Hizo ukizikuta chukua, ila zote ziwe za aina moja, maana mkato wa aina hii hauingii kwenye shingo ya aina ile. Zijaribu hapo hapo mbele ya muuzaji: bana tano, shika kulabu, tikisa kwa nguvu. Ikichomoka hata moja, mrudishie.

Mimi najitengenezea, na nawashauri mafundi wenzangu wafanye hivyo, kwa sababu vifaa vyote viko kwa fundi baiskeli na duka la vifaa vya ujenzi.

Kwanza henga zenyewe. Chagua za plastiki ngumu iliyo bapa, kumi za umbo moja. Za bomba lenye uwazi ndani hazifai kutobolewa, zinapasuka. Za waya ziache kabisa katika mji huu: hewa ya bahari inazila, na alama ya kutu kwenye bega la kitenge cheupe haitoki. Ishike kila henga mabegani uikunje kidogo. Ikionyesha mstari mweupe kwenye mkunjo, plastiki imeshachoka na jua.

Pili, spoki mbili za baiskeli na nati zake, za kupitisha kwenye matundu ya henga zote, moja kulia na moja kushoto. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Spoki ni nyembamba, milimita mbili hivi, ndefu kuliko shubiri, haipindi kirahisi, ina kichwa upande mmoja na uzi wa nati upande wa pili. Yaani ni komeo lililokamilika, hulichongi wala hulichomelei. Fundi baiskeli akivunja ringi mbovu anabaki na spoki ambazo hana kazi nazo. Msalimie vizuri, mwombe zilizonyooka, na hakikisha nati inazunguka kwa vidole.

Sasa matundu, na tafadhali usiharakishe. Ukitoboa katikati ya bega, nguo itaziba tundu na spoki haina pa kupita. Tundu likae ndani ya uwazi wa shingo ya gauni. Pima sentimita tatu kutoka katikati ya kulabu, kulia na kushoto, utie alama. Shingo za magauni mengi zina upana wa sentimita kumi na tano na kuendelea, kwa hiyo hapo unabaki salama. Tundu liwe katikati ya upana wa plastiki, lisikaribie ukingo, na lisizidi milimita tatu. Likiwa kubwa, kichwa cha spoki kitapenya, na shingo ya henga, ambayo ndiyo inayobeba kila kitu, itadhoofika.

Kama kuna fundi seremala jirani mwenye drili, panga henga tano, zibane kwa mpira, atoboe zote kwa mara moja. Ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu matundu yanalingana yenyewe. Kama hakuna drili, tumia msumari wa inchi mbili ulioshikwa kwa plaizi na kupashwa moto kwenye jiko la mkaa. Toboa henga moja kwanza, iwe kipimo; kwa zile nyingine weka hiyo juu yake, tia alama kwa kalamu, ndipo utoboe. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukupite mgongoni, watoto wakae mbali, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Ukingo ulioyeyuka na kutuna ukwangue kwa wembe mpaka kidole kipite bila kukwama. Uzi wa hariri au lesi hausamehe ncha ndogo.

Kinachofuata ni vitenganishi. Kata mirija ya kalamu za wino zilizokwisha, vipande vya sentimita mbili, usugue ncha kwa msasa. Kila baada ya henga moja, kipande kimoja kwenye kila spoki. Bila hivyo, ukikaza nati, magauni yanabanwa na mikono ya puto inalala. Uzi wa nati uko nchani tu, kama sentimita moja, kwa hiyo lazima mstari wote ujae mpaka karibu na ncha. Magauni yakiwa machache, ongeza urefu wa vipande vya mirija. Henga kumi na vipande vyake vinajaza spoki moja vizuri, na ndiyo sababu mafungu yangu ni ya kumi kumi. Gauni la kitenge lenye bitana linakaribia nusu kilo, fungu zima ni kama kilo tano na henga zake. Oda ya ishirini inakuwa mafungu mawili, moja kila mkono, na mwili unabaki wima. Muuza jinzi za mtumba asifike kumi. Jinzi moja nzito inapita nusu kilo kwa mbali, sita zinatosha.

Mpini nautengeneza kwa bomba la maji la plastiki la nusu inchi, urefu kupita spoki kidogo. Kamba ya manila inapita ndani ya bomba, ncha zake zinakutana juu, unafunga fundo, na pale pa kushika unazungushia kitambaa kinene. Kulabu zote zinakaa juu ya bomba. Kisha chukua utepe wa mpira wa tyubu, upitishe chini ya bomba ndani ya midomo ya kulabu zote, ukaze, funga ncha zake kwenye bomba huku na huku. Mdomo wa kulabu ukishajaa mpira, hata gari liruke tuta, henga haichomoki.

Mpangilio una mantiki yake. Baada ya pasi, acha magauni yapoe yakiwa yamening'inia, nusu saa au zaidi. Hapa kwetu hewa ina unyevu wa kutosha; ukifunika nguo ya moto kwa sandarusi, mvuke unageuka maji ndani, na kitenge kinalegea chote. Magauni yote yatazame upande mmoja. Lile la mama mwenye shughuli, au lenye shanga na mapambo mengi, liweke katikati, na ya kawaida yawe ya pembeni, kwa kuwa ya pembeni ndiyo yanayosuguana na kiti, na goti la abiria, na mlango. Kila kulabu ifungie kipande cha kitambaa chenye jina kwa kalamu isiyofutika. Halafu ingiza spoki ya kushoto mpaka mwisho, ya kulia ifuate, kaza nati kwa vidole tu. Ncha zote nne zivishe vipande vya mpira.

Mashati ya kola hayaingii kwenye utaratibu huu, kola inaziba matundu. Hayo nayapeleka kwa kulabu na bomba peke yake, na kati ya shati na shati naweka kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la mabega.

Chini, kusanya mapindo kwa utepe mpana wa kitambaa, ulegee kiasi cha mkono kupita. Fungu zima livishe shuka la pamba lililopauka, ndipo sandarusi ije nje. Shuka linanyonya unyevu, sandarusi inazuia vumbi, na udongo mwekundu wa kule juu Newala unaingia popote penye mwanya. Acha sandarusi wazi chini.

Kwenye basi au Kosta, konda atataka kuweka mzigo kwenye buti. Mjibu kwa upole lakini usimwachie. Kijana mmoja aliniambia, "Shikamoo mama, lete huo mzigo nilaze nyuma." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Hizi hazilali, zinaning'inia. Nionyeshe bomba la kushikia karibu na dirisha, na siti ya chini yake nalipia mimi." Akanifungia mwenyewe. Kulipia siti ya ziada ni gharama, kwa hiyo naiweka kwenye bei ya oda tangu siku ya vipimo, na naitaja wazi ili mteja ajue anacholipia. Fungu lifunge sehemu mbili: kamba ya juu kwenye bomba la gari, na utepe wa mapindo kwenye mguu wa kiti. Bila ule wa chini litapiga ukuta wa gari njia nzima.

Bodaboda inafaa kwa safari fupi, Mikindani kwa mfano, lakini barabara ile inapita karibu na maji, na kusi ikivuma miezi ya Juni mpaka Agosti upepo unalivuta fungu mpaka dereva anayumba. Bajaji ni bora, tundika kwenye chuma cha paa upande wa ndani. Ukivuka kwenda Msangamkuu, kaa katikati ya kivuko. Tone la maji ya chumvi likikauka kwenye kitenge cha rangi nzito linaacha duara.

Chumvi hiyo hiyo itazila spoki. Usizipake mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yatahamia kwenye shingo ya gauni. Sugua mshumaa juu yake mpaka ziteleze, zifute kwa kitambaa kikavu. Kila unapoona doa la kahawia, msasa, kisha mshumaa tena.

Ukifika, usifungue kitu njiani. Omba msumari au kenchi ya paa, tundika bomba zima, toa sandarusi, kisha shuka, na uache magauni yapumue kidogo wakati salamu zinaendelea na chai inaletwa. Kisha legeza nati, vuta spoki zote mbili, na ugawe kwa majina ukianzia pembeni. Wavaaji wakiwa wengi na chumba ni kidogo, nati na vipande vya mirija viwe na mkebe wake kabla hujaita jina la kwanza. Henga narudi nazo, tayari zimetobolewa na zinalingana, na oda inayofuata inazisubiri.