Jinsi ya Kupima Habari za Vyombo Visivyotambulika Angani na Viumbe Wenye Akili wa Sayari Nyingine

Mtu anayesimulia kwamba ameona chombo cha ajabu angani huwaweka wasikilizaji wake katika mtihani, kwani wengi hudhani kwamba ni lazima ama wakubali kuwa viumbe wa sayari nyingine wametutembelea, ama wamwone msimulizi kuwa mwongo. Hakuna ulazima huo. Ndani ya simulizi kama hiyo mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kama kweli kitu kilionekana, kitu hicho kilikuwa nini, na kama kuna viumbe wenye akili mahali pengine katika ulimwengu. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa huku alichokiona kikiwa sayari ya Zuhura. Na ulimwengu unaweza kuwa na viumbe wengi wenye akili bila hata mmoja wao kuwahi kuikaribia dunia. Kazi ya kwanza ya anayetaka kupima habari hizi ni kuyafungua maswali hayo na kulijibu kila moja kwa ushahidi wake.

Anza na maneno ya shahidi

Tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alikuwa akiruka karibu na Mlima Rainier, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alipoona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi. Alipoulizwa vilikwendaje, alivifananisha na kisahani kinavyorukaruka mtu akikirusha juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yalilichukua neno kisahani na kulifanya umbo, na tangu hapo watu wengi walioona kitu wasichokijua waliripoti kwamba wameona kisahani. Ninakitaja kisa hiki kwanza kwa sababu kinaonyesha jinsi jina linavyoweza kutangulia na kuyaongoza macho ya watu.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kuzungumza na shahidi, mwache asimulie mwenyewe kabla hujalitaja neno chombo. Kisha muulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa ametazama upande gani, kitu kilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho, kilionekana kwa muda gani, kilikuwa na sauti au la, na kilitowekaje. Mwombe achore. Ikiwa mashahidi ni zaidi ya mmoja, wahoji mmoja mmoja, tena mapema, kwa kuwa kumbukumbu za watu waliokwisha kuzungumza pamoja huelekea kufanana hata pale macho yao yalipotofautiana.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika kisa cha Ruwa, Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto wapatao 60 wa shule ya msingi walisema kwamba wakati wa mapumziko, walimu wakiwa mkutanoni, waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla yake, mabaki ya roketi yalikuwa yameingia angahewa na kuwaka mbele ya macho ya watu wengi kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zilikuwa zimeenea. Watoto hao walihojiwa siku chache baadaye, wengine wakiwa katika vikundi, na daktari wa akili John Mack wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji miezi miwili hivi baada ya tukio. Sioni sababu ya kuwaita watoto hao waongo, na baadhi yao wameendelea kuyashikilia maelezo yao hadi utu uzima. Hata hivyo, ukweli wa moyo wa shahidi hujibu swali la kwanza tu. Mahojiano ya pamoja, na uvumi uliotangulia tukio, hufanya iwe vigumu mno kulijibu la pili.

Usipokee ukubwa, umbali wala kasi bila kipimo

Hapa ndipo panapohitaji umakini kuliko mahali pengine pote. Jicho halioni ukubwa wa kitu kilicho angani. Linaona pembe ambayo kitu hicho kinaijaza. Mwezi mpevu hujaza takriban nusu nyuzi. Ndege yenye urefu wa mita 35 iliyo umbali wa kilometa 4 hujaza pembe hiyo hiyo, na kadhalika kitu chenye urefu wa sentimita 35 kilicho umbali wa mita 40. Usiku, au katika anga tupu ya mchana isiyo na mti wala jengo la kulinganishia, macho hayana njia ya kutofautisha vitu hivyo viwili.

Kosa la umbali huzaa kosa la kasi. Tuseme kitu kimepita nyuzi 10 za anga kwa sekunde moja, yaani takriban upana wa ngumi yako ukiwa umeunyosha mkono. Kama kiko mita 40 kutoka kwako, kasi yake ni kama kilometa 25 kwa saa, nayo ni kasi ya ndege wa kawaida. Kama kiko kilometa 4, kasi yake ni kama kilometa 2,500 kwa saa, yaani karibu maradufu ya kasi ya sauti. Mwonekano ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali, na umbali ndio ambao shahidi hana. Kwa hiyo shahidi anaposema kwamba kitu kilikuwa kikubwa kama uwanja wa mpira na kilikwenda kasi kuliko ndege yoyote, usibishane naye wala usiyanakili maneno hayo kama vipimo. Mwombe anyooshe mkono, akuonyeshe kwa kidole au ngumi kitu kilijaza nafasi gani, kisha ahesabu sekunde kilizochukua kutoka nyumba hii hadi mti ule.

Vyombo vya kisasa navyo havijaepuka tatizo hili. Miongoni mwa video za marubani wa Jeshi la Majini la Marekani ambazo Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilizitoa rasmi mwaka 2020, imo moja ambayo kitu kidogo kinaonekana kikipita juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Jopo la wataalamu lililoundwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilichukua takwimu zilizoandikwa kwenye video yenyewe, yaani mwinuko wa ndege, pembe ya kamera na umbali wa kitu, likapiga hesabu za jiometria, na mwaka 2023 likaeleza kwamba kitu hicho kilikuwa juu ya bahari kwa kilometa 4 hivi, kikienda kwa wastani wa kilometa 64 kwa saa. Sehemu kubwa ya kasi iliyoonekana ilikuwa ya ndege iliyobeba kamera, kama vile miti ya kando ya barabara inavyoonekana kukimbia nawe umekaa garini. Hesabu hiyo haikusema kitu kile kilikuwa nini. Ilichoondoa ni sababu ya kushangaa, na mara nyingi hilo ndilo tunaloweza kulifikia.

Ondoa kwanza vile vinavyojulikana

Zuhura ndiyo inayong'aa kuliko vitu vyote vya angani usiku, ukiuacha mwezi, na huonekana magharibi baada ya jua kutua au mashariki kabla ya mapambazuko. Huonekana pia kumfuata mtu aliye safarini, kwa kuwa kitu kilicho mbali sana hakibadili upande wake unaposogea. Programu za simu zinazoonyesha ramani ya nyota zitakuambia kwa dakika moja kama Zuhura au Mshtarii ilikuwa mahali alipopaonyesha shahidi, ilimradi ulichukua saa na upande kwa usahihi.

Nuru nyeupe isiyopepesa, inayokatiza anga kwa dakika chache bila sauti, yaelekea kuwa satelaiti au Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ikififia ghafla katikati ya anga, huwa imeingia katika kivuli cha dunia. Msururu wa nuru zilizopangana kama shanga ni jambo la kawaida tangu mwaka 2019, satelaiti za Starlink zilipoanza kurushwa kwa makundi. Kimondo hupita kwa sekunde chache, ilhali mabaki ya roketi huchukua muda mrefu zaidi na humeguka vipande vinavyosafiri pamoja. Kuna pia maputo, droni, na mawingu yenye umbo la sahani ambayo hutokea juu ya milima.

Lipo jambo jingine linalowapotosha hata watazamaji makini: nuru ndogo iliyotulia, ikikodolewa macho peke yake gizani, huonekana ikitangatanga, kwa sababu jicho halina alama ya kulishikiza. Ukiona nuru ya namna hiyo, ilinganishe na ncha ya paa au nguzo kwa dakika kadhaa kabla hujaamua kwamba inasogea.

Kuhusu picha sitasema mengi. Omba faili la asili lenye saa na mipangilio ya kamera, na usiihukumu nakala iliyopita mikononi mwa watu kumi. Kumbuka pia kwamba mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima katika sayari ya Mirihi kilichofanana na uso wa mtu, na kwamba picha bora zaidi zilizopigwa miaka ya baadaye zilionyesha kilima tu. Maajabu yanayopungua kadiri kamera inavyoboreka yalikuwa katika kamera.

Namna ya kusoma yale yanayobaki

Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969, lilikusanya taarifa 12,618 za watu walioona vitu vya ajabu angani, na kati ya hizo 701 hazikutambuliwa. Mwaka 2021 ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi wa nchi hiyo ilitoa ripoti ya matukio 144, ambamo ni moja tu lililoelezwa kwa uhakika mkubwa: lilikuwa puto lililokuwa likiishiwa hewa. Watu wengi huzisoma takwimu hizi kana kwamba yale yasiyotambuliwa ni ushahidi wa wageni. Sivyo. Kutotambulika ni hali ya maarifa yetu, na wala si sifa ya kitu chenyewe. Ripoti ya jopo la NASA ya mwaka 2023 haikupata ushahidi kwamba matukio hayo yana asili ya nje ya dunia, na ilisisitiza kwamba upungufu mkubwa ni wa takwimu zenye ubora. Ukiwa na tukio ambalo umelichunguza na halijapata maelezo, andika kwamba halijatambuliwa, kisha uweke kalamu chini. Najua jibu hilo haliridhishi moyo, lakini ndilo la haki kwa shahidi na kwa ukweli.

Swali la viumbe wenye akili lipimwe peke yake

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, ambayo ni nyota inayofanana na jua letu, na leo sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine zimepita 5,000. Kwa hiyo imani kwamba mahali pa kuishi ni pengi imepata nguvu. Lakini uhai na akili ni mambo mawili. Duniani, uhai una umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.5, na sehemu kubwa ya muda huo ulikuwa wa viumbe vya seli moja. Uwezo wa kutuma mawimbi ya redio una umri wa miaka mia na ushei tu. Mwaka 1961 Frank Drake alipanga fomula ya kukadiria idadi ya jamii zinazoweza kuwasiliana katika kundi letu la nyota, na sehemu zake za mwanzo, kama idadi ya nyota zenye sayari, sasa tunazijua kwa kiasi kizuri. Za mwisho, yaani uwezekano wa uhai kuzaa akili na muda ambao jamii kama hiyo hudumu, tunazijaza kwa mfano mmoja tu, ambao ni sisi wenyewe. Binafsi naona inaaminika kwamba wapo. Siwezi kusema kwamba imethibitishwa.

Kutembelewa ni dai zito zaidi. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka nuru 4.2, sawa na kilometa trilioni 40 hivi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda kilometa 17 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali kama huo. Hili halithibitishi kwamba safari haiwezekani kwa wenye ujuzi mkubwa kuliko wetu. Linaonyesha tu kwamba nuru iliyotangatanga usiku mmoja haitoshi kulibeba dai hilo.

Kinachoweza kulibeba ni ushahidi ambao mtu mwingine, kwa chombo kingine, anaweza kuupata upya. Mwaka 1967, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Jocelyn Bell, aligundua mapigo ya redio yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.3, kwa utaratibu ambao hakuna nyota iliyojulikana wakati huo kuwa nao. Yeye na wenzake waliufikiria uwezekano wa viumbe wenye akili, hata wakakipa chanzo hicho cha mapigo jina la utani la watu wadogo wa kijani. Hawakutangaza. Walihakiki vifaa vyao, wakatumia darubini nyingine ya redio, na mapigo yakaonekana tena. Kisha Desemba, akipekua karatasi zilizorekodi mawimbi ya redio ya sehemu nyingine kabisa ya anga, Bell alipata mapigo ya aina ile ile yenye muda wake tofauti, na akaona wazi kwamba jamii mbili za viumbe, zilizo mbalimbali, zisingechagua kutupigia ishara kwa namna moja katika wakati mmoja. Zilikuwa nyota za aina mpya, zinazozunguka kwa kasi, na zikatangazwa Februari 1968.