Mechi ya watoto ufukweni Shela: anza na kamba

Kila likizo hunijia vijana wakiniuliza, "Mwalimu, tunataka kuandaa mechi ya watoto, tuanzie wapi?" Wanatarajia niseme mpira na jezi. Mimi huwaambia watafute kamba. Ugomvi mwingi niliowahi kuuamua nikiwa na kipenga mkononi haukuletwa na rafu, uliletwa na mstari usiokuwepo.

Hatua ya 1: Tazameni mwezi kabla ya saa

Maji yakikupwa, mchanga wa Shela, hapa kisiwani Lamu, hukaza na mpira hudunda vizuri. Tatizo ni kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi jioni, saa ileile ambayo kila mtu anataka kucheza. Kupwa huwa asubuhi, saa nne au saa tano. Lakini kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo siku tano hivi baada ya bamvua hukupwa mnamo saa nane na nusu mchana. Hapo anzeni saa tisa, na mapumziko yakutane na swala ya alasiri.

Niliwahi kukaidi hesabu hii. Kipindi cha pili, mabeki wa upande mmoja walicheza maji yakiwa magotini, na kibendera cha kona tulikifuata kwa kuogelea.

Hatua ya 2: Pimeni

Uwanja kamili wa kandanda una urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Watoto hawauhitaji. Kwa saba kwa saba, mita 60 kwa 40 zinatosha, urefu ukifuata ufuo.

Pembe ndizo huwashinda wengi: uwanja huanza mpana huku ukaishia mwembamba kule. Chukueni kamba ya mita 12, pigeni fundo kwenye mita ya 3 na lingine kwenye mita ya 7, kisha unganisheni ncha zake mbili. Watu watatu waivute, mmoja kwenye kila fundo na mmoja kwenye maungio. Itatokea pembetatu ya mita 3, 4 na 5, na aliyeshika fundo la mita ya 3 amesimama kwenye pembe mraba. Hapo chomekeni kibendera. Ni ujanja wa wajenzi.

Mistari ichoreni kwa mpini wa jembe. Chokaa waachieni mafundi, inachoma macho, na watoto wa hapa hucheza pekupeku.

Goli la sheria lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Boriti ya mkoko yenye urefu huo msiitafute. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu hiyohiyo: dari hukaa juu ya boriti, na boriti haifiki mbali. Simamisheni nguzo mbili, hatua sita kati yake, na juu fungeni kamba iliyokazwa badala ya mwamba. Nguzo zizikwe hadi zisitikisike, kwa maana mtoto atajaribu kuning'inia. Hakosekani mmoja.

Hatua ya 3: Elezeni mstari, kisha kuotea

Mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira haujatoka, wala si goli, mpaka wote mzima uwe umeuvuka. Ukigusa mstari hata kidogo, mchezo unaendelea. Lisemeni hili mbele ya timu zote mbili kabla ya kurusha sarafu.

Wengine huondoa kuotea kwenye mechi za watoto wadogo, nami siwalaumu. Mkiiweka, iwekeni sawasawa. Anayetazamwa ni mshambuliaji aliye katika nusu ya wapinzani, pale mwenzake anapoupiga mpira, si pale yeye anapoupokea. Ameotea kama kichwa, mwili au mguu wake uko karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kipa naye huhesabiwa kati ya hao wawili. Mikono haihesabiwi. Akiwa sambamba na beki, hajaotea. Na kusimama tu pale si kosa mpaka aingilie mchezo.

Mpira wa kurusha, kona na goli kiki havina kuotea vikipokewa moja kwa moja. Hili nililijifunza kwa aibu: nilikataa goli lililotokana na mpira wa kurusha, na mzee mmoja akaja polepole na bakora yake kunisomea sheria mbele ya watu. Alikuwa sahihi.

Hatua ya 4: Refa

Awe mmoja, mwenye saa, asiye na mtoto uwanjani. Atakayeshinda sarafu achague goli la kushambulia au kuanza mpira. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mwerevu huchagua goli, ashambulie upepo ukiwa mgongoni.

Hatua ya 5: Timu ikikua

Sheria za mpira hazitungwi na FIFA peke yake. Kuna bodi, IFAB, iliyoundwa mwaka 1886, kabla ya FIFA yenyewe kuzaliwa Paris mwaka 1904. Leo vyama vinne vya Uingereza vina kura moja kila kimoja, FIFA ina nne, na badiliko hupita kwa kura sita. Chini ya FIFA, Afrika ina CAF tangu 1957, na Kenya ina FKF.

Kwa timu ya mtaani, mlango ni tawi la FKF la kaunti. Huanzia ligi za chini na kupanda daraja kwa daraja hadi Ligi Kuu. Vijana huniuliza bei ya jezi kwanza. Mimi huandika nauli kwanza: boti hadi Mokowe, gati la bara, kisha basi, wachezaji na kocha, kwenda na kurudi, kwa kila mechi ya ugenini.