Kabla ya Kujenga Makazi ya Pamoja ya Wanyama, Hesabu Siku

Halmashauri jirani zinapokubaliana kujenga makazi ya pamoja ya mbwa na paka waliotupwa au kupotea, kikao cha kwanza huwa kizuri. Kila mmoja anaona unafuu: daktari mmoja wa mifugo badala ya watatu, gari moja, jengo moja. Kisha mtu anatandaza ramani mezani na ubishi wa idadi ya vizimba unaanza. Hapo ningeomba ramani ikunjwe kwanza. Kabla ya vizimba kuna maswali mawili: wanyama wangapi wanaingia kwa siku, na kila mmoja anakaa siku ngapi mpaka arudi kwa mwenyewe au apate mlezi mpya.

Zidisheni namba hizo mbili mpate idadi ya wanyama mtakaokuwa nao siku ya kawaida. Wakiingia 6 kwa siku na kukaa wastani wa siku 14, mna wanyama 84. Siku hizo zikifika 21, mna 126, ingawa wanaoingia hawajaongezeka hata mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuomba fedha za vizimba zaidi, tafuteni kinachowachelewesha. Mara nyingi ni mambo madogo: daktari anahasi mara moja tu kwa wiki, hakuna kifaa cha kusoma chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama) pale mlangoni, au makazi yanafungwa saa ambazo watu ndiyo kwanza wanatoka kazini. Kusanyeni kumbukumbu za kila halmashauri za miaka 2 au 3. Kama hazipo, anzeni kuhesabu sasa na mhesabu mwaka mzima, maana sehemu nyingi paka huzaana kwa misimu na mwezi mmoja wa utulivu utawadanganya.

Halafu mikono ya kazi. Kiwango kinachotumiwa sana na wapangaji wa makazi ya wanyama ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, kwa usafi na kulisha tu. Wanyama 84 ni saa 21, yaani watu watatu wa saa saba saba wasioinua vichwa. Hapo hamjajibu simu, hamjatoa dawa, hamjamtoa mbwa nje anyooshe miguu, na sikukuu wanyama wanakula vilevile. Wanaojitolea nawaheshimu kwa moyo wote, lakini msijenge bajeti juu yao kwa kazi ambayo haiwezi kukosa mtu hata asubuhi moja.

Fedha za kujenga na fedha za kuendesha ni mifuko miwili, na huu wa pili ndio unaoangusha makazi mengi. Mfadhili hupenda ukuta wenye jina lake. Bili ya maji haina pa kubandika jina. Kabla msingi haujachimbwa, kila baraza lipitishe ahadi ya maandishi ya kuchangia uendeshaji kwa angalau miaka 5. Kisha kaeni juu ya kanuni ya kugawana, kwa subira, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkigawana kwa idadi ya watu peke yake, halmashauri iliyojitahidi kuchanja na kuhasi italipia uzembe wa jirani. Mkigawana kwa wanyama walioletwa peke yake, mtu atashawishika kuwaacha mbwa barabarani ili bili yake ipungue. Mimi naona mchanganyiko ndio wa haki: gharama zisizobadilika, kama mishahara na bima, zifuate idadi ya watu, chakula na dawa zifuate wanyama walioletwa, kwa wastani wa miaka 3, ili mwaka mmoja mbaya usivunje bajeti ya mtu. Tengeni akiba ya paa, pampu na uzio, na nyingine ya mlipuko wa ugonjwa.

Mkataba useme ardhi ni ya nani, kura zinahesabiwaje, deni analibeba nani, na anayejitoa anatoa notisi ya muda gani na anaondoka na nini. Kifungu hicho cha kujitoa kiandikwe sasa, mkiwa bado mnaelewana.

Sasa ramani itandazwe, na naomba mwanze na sakafu. Mtu wa usafi anafungulia mpira wa maji kwenye kizimba cha kwanza. Maji yanapenya chini ya wavu, yanapita kizimba cha pili, ndipo yanafika mtaroni. Kwenye kizimba cha pili kuna mtoto wa mbwa wa wiki nane, analamba kucha zake zilizolowa. Kama yule wa kizimba cha kwanza ana parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, huyu ameshailamba. Virusi vya parvo hudumu miezi mingi mahali vilipoangukia, na dawa nyingi za kawaida haziviui. Klorini ya kufulia huviua, sehemu 1 kwa takriban 30 za maji, ila baada ya kinyesi kuondolewa na sabuni kupita, kisha iachwe dakika 10. Kwa hiyo kila kizimba kiwe na mteremko na tundu lake la maji, ukuta usiopitisha kitu, na sakafu isiyonyonya. Kizimba cha vyumba viwili chenye mlango wa kushusha katikati humwezesha mbwa kuhamia upande mmoja wakati mwingine unasafishwa. Ni ghali zaidi, na bado ningechagua 40 vya namna hiyo kuliko 60 vya chumba kimoja.

Karantini iwe na mlango wake na hewa yake. Paka wakae wasikowaona wala kuwasikia mbwa: paka mwenye hofu huacha kula, na siku chache tu bila kula zinaweza kumharibu ini. Kelele za mabanda ya mbwa hupita desibeli 100, kwa hiyo zungumzeni na majirani kabla ya kununua kiwanja.

Sheria itawaambia mwenye mnyama anasubiriwa siku ngapi. Mbwa aliyeuma mtu kwa kawaida hutazamwa siku 10 akiwa peke yake, kwa hiyo vizimba hivyo visiingizwe kwenye hesabu ya kawaida. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka; wafanyakazi wote wachanjwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Andikeni pia nani anaamua mnyama asiyeponyeka apumzishwe kwa sindano, na mizoga inapelekwa wapi.

Umbali upimeni kwa saa za gari, si kwa kilomita. Halmashauri ya mbali itahitaji kibanda kidogo cha kupokelea, la sivyo watu wake watachoka na kuwaachia wanyama njiani. Na dereva akifika saa nane usiku na mbwa aliyegongwa, nani ana ufunguo wa lango, na daktari gani ataitika simu? Majina hayo mawili yaandikwe kwenye mpango, pamoja na posho zao za usiku.