Kuweka nyumba zilizozingirwa na maji kwenye ramani, kwa simu yako

Nawaandikia vijana wanaojitolea bonde la Msimbazi, Dar es Salaam: Jangwani, Kigogo na majirani zao.

1. Pakua ramani kabla ya masika. Mvua ikichanganya, umeme hukatika na mtandao hulegea. Weka programu ya Organic Maps, inayofungua ramani bila mtandao, pakua ramani ya Tanzania bando likiwepo. Inatumia data za OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na Dar tuna bahati: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi mtaa kwa mtaa, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro.

2. Pita na mjumbe. Ramani haijui nyumba ipi ina mzee asiyetembea. Mjumbe anajua.

3. Chukua nukta, yaani zile namba mbili zinazoonyesha nyumba ilipo (latitudo na longitudo). Simama nje, mbali na bati, usubiri duara linalozunguka alama yako lisinyae. GPS haili bando. Kwenye simu nyingi inafanya kazi hata katika hali ya ndegeni, kwa hiyo okoa chaji. Nyumba iko ng'ambo ya maji? Usivuke. Bonyeza paa lake kwenye ramani, namba zitatokea.

4. Tuma kwa mtindo mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. "Njooni haraka, karibu na msikiti" haimsaidii mwenye boti. Andika hivi:

*-6.81352, 39.26871 / watu 6 / maji kiunoni / mzee hatembei / saa 11:20 alfajiri*

Nakili namba, usizichape kwa mkono. Ukisahau ile alama ya kutoa, nyumba ya Jangwani imehamia Ethiopia. Ukizigeuza, ya pili ikatangulia, iko Hispania! Picha nayo: WhatsApp huondoa taarifa za mahali ilipopigwa, basi itume kama faili, au namba ziandamane nayo. Majina ya watu yasiingie kwenye grupu.

5. Mmoja abaki pakavu. Ana pawabenki, haendi kokote. Kila ujumbe anauweka kwenye ramani: nyekundu bado, njano boti iko njiani, kijani wametolewa. Ujumbe usio na saa anaurudisha kwa aliyetuma, hata akinuniwa.

6. Maji yakishuka, pitieni tena na programu ya Every Door, muongeze maduka na huduma ambazo hazijachorwa. Maelezo ya wagonjwa yafuteni kwenye simu zote.